Kwa Mabukwe, Kuhusu Kinyonga, Kiboko na Maji ya Mchele

Mpendwa mabukwe, mama mkwe wangu,

Kinyonga hana sumu. Naanzia hapo makusudi, usije ukadhani kwamba kwa kuwa wewe umelala kaburini kule Carama na mimi bado natembea, basi hoja zako zote zimepita. Hana sumu, hajawahi kuwa nayo, na mtu akimcheka meno yake hayang'oki. Kwa hilo sirudi nyuma hata hatua moja.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya kinyonga. Kuna jambo moja nililokosea mbele yako, mchana kweupe, mtoto wangu Anita akiwa mikononi mwangu, kisha nikakaa miaka tisa nikiwaeleza watu kwamba nilipatia. Nililieleza kwenye kabare za Buyenzi, kwenye vilabu vya pombe, nikaliandika gazetini, nikapongezwa. Kosa lililochapishwa halisahihishwi kwa kunong'ona. Ndiyo maana barua hii haina bahasha, na yeyote anayetaka kuisoma na aisome.

Ulifika kwetu Buyenzi mwaka ule watu wa Kinama na Carama walipokuwa wakishuka mjini na magodoro kichwani. Ulikuwa na mkeka, sufuria mbili na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Binti yako Libérata, mke wangu, alikupokea mlangoni akakukumbatia, akalia. Mimi nilikuwa uani. Nilipokuona nikageuka nikautazama ukuta, kama mkwe mwenye adabu anavyotakiwa. Wewe ukajifunika uso kwa kitenge, ukapita nyuma yangu. Hivyo ndivyo tulivyosalimiana.

Kwa wale watakaosoma na si watu wa kwetu: mkwe na mabukwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemeshani moja kwa moja. Ni heshima, na ni heshima nzuri sana pale ambapo huyu ana rugo yake, boma lake, kwenye kilima hiki na yule ana rugo yake kwenye kilima kile. Sisi tulikuwa na vyumba viwili na choo kimoja cha kuchangia na majirani. Libérata alifunga kamba sebuleni, kutoka msumari wa dirisha hadi msumari wa mlango, akatundika kitenge chako kile chekundu chenye maua ya njano. Upande wa dirisha ukawa wako. Upande wa mlango ukawa wangu, mimi na vitabu vyangu.

Mtu angefikiri pazia lingetunyamazisha. Lilitufungua midomo. Nilikuwa narudi kutoka bandarini saa kumi, mapema kwa sababu ya kuvefe, amri ya kutotembea usiku, na kwa sababu mashua za Kigoma zilikuwa zimepungua na wakala wa forodha kama mimi hakuwa na mizigo mingi ya kugombea. Nilikuwa nakaa, navua viatu, nafungua gazeti kuukuu, nasoma kwa sauti jambo lolote ambalo nilijua litakuchokoza. Na upande wa pili mkeka ulikuwa unalia chwaa, nikajua umegeuka kusikiliza.

Halafu akaja kinyonga.

Ilikuwa alasiri ya mvua. Sijui aliingilia wapi, nadhani kwenye ua wa jirani, lakini alipanda pazia kwa upande wako, polepole, akiyumba mbele na nyuma kwenye kila hatua kama ilivyo kawaida yao.

"Libérata," ulisema kwa sauti ndogo kabisa, "muambie Papa Anita kuna kitu hapa."

"Kitu gani, mama?"

"Ile ya kutembea kama mulevi."

Nilicheka. "Mwambie mama yako huyo hana sumu."

"Muambie anasema vile ju hajaumwa."

"Mwambie hakuna mtu aliyewahi kuumwa na kinyonga akafa."

"Muambie wenye balikufa bangekuja kumuambia na njia gani?"

Libérata alikuwa anachambua maharage katikati yetu. Aliacha kutafsiri, maana sote tulikuwa tunasikia, lakini alikuwa akitikisa kichwa kushoto na kulia kila mmoja alipomaliza, ili desturi iendelee kuheshimiwa.

Ukasema sasa atageuka mwekundu, ajifiche kwenye kitenge, kisha aturukie. Hapo ndipo nilipopata furaha yangu. Nikaeleza kwamba watu karibu wote duniani wanaamini hivyo na karibu wote wamekosea: kinyonga habadiliki kufuata kitu anachokikalia. Rangi yake inafuata joto, mwanga, na jinsi roho yake ilivyo. Akiogopa, akikasirika, akimwona mwenzake. Kitenge anakikalia tu, hakijui. Nikasema tungoje tuone. Tukangoja, mabukwe, watu wazima watatu, mji mzima una wasiwasi wa mambo mengine, sisi tunangoja kinyonga awe mwekundu.

Hakuwa mwekundu. Aliingia giza, kahawia, kisha karibu mweusi.

"Muambie amekuwa mweusi," ulisema.

"Mwambie ni hasira."

"Muambie hata mi niko vile."

Nikamchukua kwa mkono mtupu nikamtoa nje. Siku tatu ulimwuliza Libérata kama mkono wangu umevimba. Siku ya nne uliuliza kama ni mkono huohuo ninaolia chakula.

Nakumbuka miezi ile kwa raha, na sioni aibu kusema hivyo. Najua wapo watakaosema hakukuwa na raha mwaka ule. Wanaosema hivyo hawakuishi na wewe. Nje kulikuwa na mambo ambayo kila mtu wa mji huu anayajua na sina haja ya kuyarudia. Ndani kulikuwa na ugomvi wa bundi. Alikuwa amekaa kwenye mabati yetu, ukataka apigwe mawe kabla hajaita mtu kaburini. Nikasema bundi haiti mtu, anaita mke wake, na kila akinyamaza ujue anakula panya. Ukasema panya hajamuua mtu wa ukoo wenu. Nikasema bundi pia. Gunia letu la maharage lilifika mwisho bila tundu, na mawe hayakurushwa, ingawa ulikuwa unafanya ishara ya msalaba kila alipolia.

Kulikuwa pia na ugomvi wa ziwa. Ulishikilia kwamba Tanganyika halina mwisho chini. Nikakwambia lina sakafu yake, karibu kilomita moja na nusu kwenda chini, na kwamba samaki wote wanaishi juu juu, kwa sababu kule chini maji hayana hewa ya kuvuta.

"Nani alienda?" uliuliza.

"Mwambie hakuna aliyekwenda. Walishusha kamba yenye uzito."

"Na kamba ilijuaje imefika?"

"Inalegea."

Ukanyamaza. Nilikuwa nimeshajifunza kunyamaza kwako. Ulipokuwa umekataa, mkeka ulilia. Ulipokuwa umekubali, hapakuwa na sauti yoyote. Siku ile mkeka haukulia, nami nikanywa chai yangu kama mfalme.

Sasa nifike kwenye kiboko, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza kuonekana.

Nilikuwa nimesema, kwa lile sauti langu la kabare, kwamba hakuna mwogeleaji hodari ziwani kama kiboko. Ulisema hapana, kiboko haogelei. Ulikulia karibu na Kajaga, ulimwona tangu mtoto: anazama, anatembea chini kwenye mchanga, anasukuma kwa miguu, anapanda kuvuta pumzi, anarudi chini. Nilicheka mpaka majirani wakasikia. Mnyama anayeishi majini asijue kuogelea? Nikakuuliza kupitia Libérata kama na ndege hutembea hewani.

Wiki tatu baadaye nilinunua sabuni sokoni, ikafungwa kwa ukurasa wa jarida la wanyama. Nikausoma barabarani. Ulikuwa unaeleza, kwa michoro, kwamba mwili wa kiboko ni mzito, hauelei, na kwamba majini anakwenda kwa kutembea na kujirusha kutoka sakafuni. Kila neno lako. Nilisimama pale nikausoma mara mbili. Kisha nikaukunja, nikaufikisha nyumbani, nikauweka chini ya godoro. Sikukuambia. Jioni ile nilianzisha mazungumzo ya popo.

Mtu anayefanya hivyo kwa kiboko atafanya hivyo kwa jambo kubwa zaidi. Nami nilifanya.

Ilikuwa katika zile siku tulizoziita vili morte, mji umekufa. Unaamka unakuta barabara zimefungwa kwa mawe na magurudumu yanayoungua, maduka hayafunguliwi, hakuna anayekwenda kazini, na anayejaribu kupita anajua alilolitafuta. Libérata alikuwa amekwenda Kajaga jana yake kuchukua ndagala, dagaa wa ziwani, kwa binamu yake. Alipanga kurudi asubuhi. Asubuhi haikumruhusu.

Anita alikuwa na miaka miwili. Alianza kuharisha alfajiri, kisha kutapika. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimeshafua nguo zake zote. Nilitoka hadi kwenye kona. Zahanati ilikuwa imefungwa, wauguzi hawakuweza kufika, na vijana waliokaa kwenye matairi walinitazama kwa namna iliyonirudisha nyumbani bila kuwauliza kitu.

Nikafungua kitabu changu cha tiba ya nyumbani. Unakikumbuka kwa sauti, hukukiona: ndicho nilichokuwa nakipiga kofi kabla ya kukisoma. Cha Kifaransa, cha zamani kuliko mimi, jalada gumu, maneno ya uhakika. Kilisema tumbo la mtoto anayehara lipumzishwe. Asipewe chakula wala kinywaji mpaka choo kikauke. Nikafunga kitabu, nikamweka Anita magotini, nikaanza kulipumzisha tumbo lake.

"Mazi," alikuwa analia. "Mazi."

Kikombe cha maji kilikuwa pale mezani. Sikumpa.

Kule upande wa pili wewe ulikohoa. Libérata hayupo. Hapakuwa na mtu katikati yetu. Kwa mara ya kwanza tangu uje, nyumba haikuwa na mtu wa kupitishia neno. Ulikohoa tena. Kisha nikasikia ukisema na kuku wako.

"We kuku. Mutoto analilia maji."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilimjibu kuku.

"Mwambie kitabu kimekataza."

"We kuku, kitabu ilizaa batoto bangapi?"

Nikaligeuzia pazia mgongo. Niliona unanidharau, na nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu aliyesoma ni mkaidi kuliko wote. Nikaendelea kumbembeleza mtoto na kumnyima. Ikapita muda. Anita akaacha kuomba. Nikafurahi, nilidhani tumbo limepumzika. Nilimtazama usoni nikaona macho yameingia ndani na kilio chake hakitoi machozi. Nilishika ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, nikaiachia, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

Hapo pazia likafunguka.

Hukujifunika. Ulisimama mbele yangu na uso wako wote, uso ambao sikuwahi kuuona ingawa nilikuwa nimeishi nao nyumba moja kwa miezi, na ulinitazama machoni.

"Leta mutoto."

Nikaanza kusema habari za kitabu.

"Sikiya, mukwe wangu," ulisema, na hukupaza sauti. "Mi nilizaa banane. Wa kwanza alihara. Bakaniambia maji inaongeza, usimupe. Sikumupa. Akakauka, nikamuzika. Wa pili vile vile. Bakaniambia tena, nikasikia tena, nikamuzika. Wa tatu niliiba maji. Nilikuwa namupa kwa kijiko kule nyuma ya nyumba, mabukwe wangu asione. Ule wa tatu iko bibi yako, Libérata."

Nikakupa mtoto.

Ulikuwa na mchele wa Imbo, vikonzi viwili vya mwisho. Uliuchemsha kwenye maji mengi mpaka ukavunjika, ukachuja, ukatia chumvi kidogo, ukaonja. Ukanionjesha na mimi. "Isipite machozi," ulisema. Kama ni ya chumvi kuliko machozi, umeharibu, mwaga. Ulisubiri yapoe, ukaanza kumpa Anita kijiko kimoja. Ukangoja. Kingine. Akatapika. Nikasema unaona. Ukaniambia nishike kikombe na kunyamaza, ukangoja muda wa kusali salamu Maria kumi, ukaanza tena kutoka kijiko cha kwanza, polepole zaidi.

Tulikaa hivyo mchana kutwa. Mimi nimeshika kikombe, wewe umeshika kijiko, magoti yetu karibu yagusane, kitu ambacho bibi zetu wangekitapikia. Upande wa kaskazini kulikuwa na milio ya bunduki, kisha ikanyamaza. Hatukuongea habari zake. Uliniuliza swali moja tu, kama kweli Wazungu walishusha kamba ziwani, nikasema kweli, ukasema, "Bako na muda."

Saa kumi hivi Anita alikojoa kwenye paja lako. Nilitaka kumwondoa haraka, nikiomba radhi. Ulinizuia mkono. Ulikuwa unacheka, meno yote nje, kitenge chako kimelowa. "Muache," ulisema. "Muache akojoe. Mufu hakojoi." Sijawahi kusikia jambo la tumbo la mwanadamu likielezwa kwa usahihi kama huo kwa maneno machache kiasi hicho, na nimesoma mengi.

Libérata alirudi kesho yake kwa miguu, na ndagala kichwani. Alikuta mtoto anakula uji, mimi upande wa mlango, wewe upande wa dirisha, pazia limefungwa.

"Muambie bwana yako," ulimwambia kabla hajaweka mzigo chini, "kikombe yangu arudishe."

Wiki ile nilimpata muuguzi nikamwuliza. Akaniambia kitabu changu kilikuwa kimekosea tangu siku kilipochapishwa, na wataalamu wenyewe walishakiacha. Kinachoua mtoto anayehara ni kukauka, na maji yenye chumvi kidogo, yenye wanga au sukari, ndiyo yanayomshikilia mpaka afike kwa daktari. Tumbo halihitaji kupumzika. Nilirudi nyumbani nimepigwa pande zote. Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba upande mmoja kuna vitabu na upande mwingine kuna maneno ya wazee, na kwamba kazi yangu ni kuvipigania vitabu. Siku ile kitabu changu na wazee waliokupotezea watoto wawili walikuwa wanasema neno lilelile, na wote walikuwa wamekosea. Aliyekuwa amepatia ni mwanamke mmoja aliyenyima mara mbili, akampa mara moja, akatazama tofauti. Hiyo ndiyo sayansi, mabukwe. Sina jina lingine. Wengine wanaifanya kwa panya. Wewe uliifanya kwa watoto wako, bila kutaka.

Ningeandika hivyo, ningekuwa mtu. Niliandika vingine.

Gazeti letu lile dogo, la kurasa nne, lilikuwa linanipa safu ya kupinga imani za uongo. Nikaandika makala kuhusu maji na chumvi. Nilikuwa na hasira nzuri, nikaichapa vizuri. Niliwashambulia wanaowanyima watoto maji kana kwamba sijawahi kuwa mmoja wao. Nikaandika: nilichemsha mchele. Nikaandika: nilionja, nikakumbuka machozi. Nilikumbuka! Makala ilibandikwa kwenye ukuta wa parokia, ikasomwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa, ikanakiliwa kwa mkono. Wanawake walinisimamisha njiani kunishukuru. Bandarini wapagazi waliniita dokta. Niliwaambia waache, kwa sauti ya mtu asiyetaka waache.

Nawe ulikuwa pale nyuma ya pazia Libérata alipoisoma kwa sauti. Alipofika kwenye "nilichemsha" alisita. Niliinamia kiatu changu. Nilisikiliza mkeka. Haukulia.

Nilichukua ukimya ule kama ruhusa, na nikaishi nao miaka tisa. Ulirudi Carama kulipotulia kidogo, ukajenga upya ukuta ulioanguka, ukalima mihogo yako, ukazeeka. Ulikufa mwaka jana kitandani mwako, mchana, watu wakiwa wamekuzunguka. Kwa mji huu na miaka hii, hicho ni kifo cha kuonewa wivu, na nilikuonea.

Jumamosi iliyopita tulikuganduka. Tulihitimisha mwaka wa maombolezo kama inavyotakiwa: mabenchi uani kwako, pombe ya ndizi, Fanta kwa wasiokunywa, na wakwe tunaombwa maneno. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Nilisimama, nikasema yote. Kitabu, kikombe mezani, kuku, kijiko, watoto wako wawili, na makala. Nikasema nimekuwa mwizi wa jambo lililokugharimu makaburi mawili. Anita alikuwa amekaa mbele na miguu yake mirefu ya miaka kumi na mmoja, ananitazama bila kupepesa. Nilipomaliza nilingoja waninyamazie, au wanitukane. Nilikuwa tayari kwa vyote viwili.

Wanawake wa Carama walianza kucheka. Kwanza mmoja, akijiziba mdomo, kisha benchi zima.

"Ayo tunaijua, Papa Anita," alisema Skolastika, yule jirani yako mnene anayeuza mkaa. "Tangu zamani."

"Nani aliwaambia?"

"Mwenyewe. Pa bomba, tukichota maji. Alikuwa anaigeza sauti yako. 'Mwambie kitabu kimekataza.' Tulikuwa tunamwanga ndoo ju ya kucheka."

Nikakaa chini. Skolastika hakuwa amemaliza.

"Mi nilimukasirikia, unajua. Nikamuambia, mama, unamuacha mukwe anakuiba mbele ya batu? Akanijibu: muache. Mi nikisema mupe mutoto maji, banasema ni mwanamuke wa kilima, anajua nini. Yeye akisema, banasema iko kwa kitabu. Mutoto anakunywa tu. Mutoto haulizi nani alisema."

Mabukwe, nimebishana na mapadri, na mashehe, na maafisa wa forodha, na mkurugenzi mmoja aliyetaka kunifukuza. Nimeshinda mara nyingi na nimeshindwa mara chache, na zile nilizoshindwa nilizificha chini ya godoro. Sijawahi kukutana na mtu aliyekuwa na haki, ushahidi, na mashahidi, akaviweka vyote chini kwa sababu watoto wa watu asiowajua watakunywa haraka zaidi. Nilirudi Buyenzi kwa miguu mchana ule, Libérata kanishika mkono, na nitakuambia ukweli: sikuhisi aibu niliyoitegemea. Nilikuwa nimetulia. Nilikuwa kama mtu aliyebeba gunia mpaka mwisho wa barabara, akaambiwa gunia lilikuwa tupu muda wote na kila mtu alikuwa anamtazama kwa upendo.

Hata hivyo sikubaliani nawe. Hilo lazima ulijue. Hesabu yako ilikuwa sahihi kwa mwaka ule, mji ukiwa umefungwa na watoto wakikauka nyumba kwa nyumba. Lakini kila tunapoliweka neno la kweli kwenye kinywa cha mwenye vitabu ili liaminike, tunawafundisha watu kwamba mwanamke wa kilima hana la kusema. Na kesho atakuwa anajua jambo lingine, na mkwe wake atakuwa amefungua kitabu, na mtoto atakuwa magotini. Hapo najua mkeka ungelia. Na ulie. Hoja yangu inasimama.

Jumatatu nilipeleka masahihisho gazetini. Sasa lina kurasa nane na mhariri mpya, kijana mwenye miwani. Alisoma akakuna kichwa. Alitaka kujua chanzo changu ni kitabu gani, maana wasomaji watauliza. Nikamwambia chanzo ni mwanamke aliyezaa wanane. Akasema, kwa adabu, kwamba kwa jambo la afya hilo halitoshi, tuweke angalau neno la muuguzi juu. Nikamwambia muuguzi aandikwe, ni haki yake, lakini aandikwe wa pili. Jina lako liwe la kwanza, kwa herufi kubwa. Langu liwe la mwisho kabisa, palipoandikwa nani alikosea. Na atakayesema hawezi kuamini jambo kwa sababu limetoka kwako, nikamwambia, amwelekeze bandarini. Nipo pale kila siku mpaka saa tisa, na sina haraka.

Pumzika, mabukwe. Anita hajambo, ameanza kunibishia.

Mkwe wako,
Baba yake Anita